Dubu aliyegeuzwa shetani

Mwaka 1875 watu wawili wa msafara mmoja walilitazama jabali moja, wakarudi na majina mawili. Wa kwanza ni Kanali Richard Irving Dodge, mkuu wa askari waliosindikiza msafara huo. Wa pili ni Henry Newton, mwanajiolojia kijana, msaidizi wa Walter Jenney. Serikali ya Marekani ilikuwa imewatuma wanajiolojia hao wakathibitishe kama kweli milima ya Black Hills ina dhahabu, ingawa milima yenyewe ilikuwa mali ya Walakota, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa Amerika, kwa mkataba wa mwaka 1868. Mwaka 1877 Bunge liliitwaa.

Jabali lile liko pembeni mwa milima hiyo, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Wyoming, juu ya mto Belle Fourche. Dodge aliandika kwamba wenyeji wanaliita mnara wa mungu mbaya, na kwamba wapimaji wake wamelichukua jina hilo baada ya kulirekebisha kidogo. Katika kurekebishwa huko ndimo alimozaliwa Devils Tower, yaani Mnara wa Shetani.

Newton aliandika vingine. Ripoti yake ilichapwa mwaka 1880, yeye akiwa ameshafariki kwa homa ya matumbo mjini Deadwood mwaka 1877. Humo anasema kwamba jina lililomo katika ramani ya awali kabisa ya eneo hilo ni Mato Tepee, Makao ya Dubu, kwamba jina hilo linalifaa jabali, na kwamba yeye hatalibadilisha. Habari za mungu mbaya anazitaja kama jambo la kusikia, lililozuka siku za karibuni.

Kwa hiyo ushahidi dhidi ya jina la Shetani haukuletwa na wanaharakati wa leo wanaotaka libadilishwe. Umo katika ripoti rasmi ya serikali ile ile iliyolipokea jina hilo, kwa mkono wa mtu aliyekuwapo. Kinachonishangaza ni kwamba katika miaka hii yote wanajiolojia wamelibadilishia jabali hilo asili yake mara tatu au nne, kila mara wakikiri kwamba wenzao wa kabla walikosea, na hakuna aliyeona haya. Jina tu ndilo lililokataa kusogea.

Tuanze na jiwe, maana jiwe lina mengi.

Mwamba wa jabali hilo ni fonolaiti, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, sauti na jiwe. Si fumbo. Ukipiga kipande chembamba cha fonolaiti kwa nyundo kinalia kama sufuria ya chuma. Msomaji wa Nairobi hana haja ya kupanda ndege kwenda kuhakikisha, kwa sababu sehemu kubwa ya jiji lake imekaa juu ya jiwe la ukoo huo. Niliwahi kusimama kwenye machimbo ya kokoto upande wa Mlolongo nikimsikiliza mzee mmoja akigonga mawe. Alikuwa hayatazami sana. Jiwe likilia "ting" anaweka huku. Likitoa sauti ya bubu, kama mtungi wenye ufa, anatupa kule. Neno fonolaiti sidhani kama aliwahi kulisikia, na halikuwa na haja naye.

Fonolaiti ya Wyoming ina fuwele kubwa nyeupe za feldspa zilizotawanyika ndani ya jiwe la kijivu lenye ukijani. Umri wake ni kama miaka milioni 50. Kutoka kitako hadi kileleni jabali lina mita 264, na kutoka mtoni hadi kileleni ni mita 386. Juu pamekaa sawasawa, ukubwa wake unakaribia uwanja wa mpira. Lakini mgeni akifika pale, kinachomkamata macho si urefu, ni mistari. Jabali zima limechorwa nguzo zilizosimama wima, mamia kwa mamia, nyingi za pembe sita, nyingine tano, nne au saba. Chini nguzo moja hufika upana wa mita tatu, halafu huchongoka kadiri inavyopanda.

Nguzo hizo hazikuchongwa na mtu wala na maji. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, inapopoa husinyaa, na ikisinyaa hupasuka. Nyufa huanza kwenye uso unaopoa kwanza, zikakutana na kugawana eneo, kisha zikaendelea kuzama ndani kufuata ubaridi. Kukipoa taratibu nguzo hutoka nene; kukipoa haraka hutoka nyembamba. Jambo hili linaweza kufanyika jikoni. Koroga wanga wa mahindi, ule mweupe wa kuufanya mchuzi uwe mzito, na maji kiasi cha kufanya uji mzito. Mimina kwenye kopo, weka chini ya taa siku kadhaa hadi ukauke kabisa, kisha uumegue. Ndani utakuta vijiti vyembamba vimesimama wima, vina pembe, vimepangana kama kuni kwenye kichanja. Hapo kinachousinyaza wanga ni kukauka badala ya kupoa, lakini nyufa hazijali tofauti hiyo.

Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unakuja ukiuliza magma hiyo ilikuwa wapi ilipopoa.

Thomas Jaggar, katika kazi yake ya mwaka 1901, alilichukulia jabali hili kuwa masalia ya uvimbe wa chini ya ardhi: magma iliyojipenyeza katikati ya matabaka ya mashapo ikayainua, kama mvuke unavyoivimbisha chapati juu ya kikaango, bila kutoka nje. Katika miaka ya 1930 wakaja waliosema hapana, hili ni koo la volkano, lava iliyogandia shingoni mlima ulipozimika, na mlima wenyewe ukaliwa na mvua. Katika miaka ya 1950 Charles Robinson wa idara ya jiolojia ya Marekani akalipunguza jambo: huenda halikuwa sehemu ya kitu kikubwa, bali fungu la magma lililojisimamia peke yake, ambalo halikuwahi kuwa pana kuliko tunavyoliona. Mwaka 2015 timu iliyoongozwa na Prokop Závada kutoka Ucheki ikapima mielekeo ya nguzo na kuunda vielelezo vya namna joto lilivyotoka, ikapendekeza kitu kingine kabisa. Magma ilikutana na maji ya chini ya ardhi, ikalipuka na kuchimba shimo pana, kisha lava ikalijaza shimo hilo na kupoa ndani yake kama uji ndani ya bakuli.

Mimi nimevutwa na hoja ya mwisho, kwa sababu inaeleza vizuri kwa nini nguzo karibu na kitako zinapinda kwenda nje badala ya kusimama wima moja kwa moja. Ila siweki rehani nyumba yangu. Shahidi mkubwa hayupo tena: majivu na lava ambavyo vingeonyesha kama palikuwa na mlipuko vimekwisha kuchukuliwa na maji zamani sana.

Wanachokubaliana wote ni namna jabali lilivyojitokeza. Lilizungukwa na miamba laini ya mashapo, mawe mekundu ya udongo na mchanga na matabaka ya jasi, mengi yake ya zama za kabla na za katikati ya dinosaria. Mvua, barafu na mto vikala kilicho laini na kuacha kigumu. Sisi tuna mfano wa jambo hili uliolala chini badala ya kusimama. Uwanda wa juu wa Yatta nchini Kenya, wenye urefu unaokaribia kilomita 300, ulianza kama bonde la mto. Lava, nayo fonolaiti, ikatiririka bondeni na kugandia humo. Ardhi laini ya kando ikamomonyoka, bonde likabaki juu. Anayesafiri kuelekea Mombasa na kuuona ule ukuta ulionyooka kwa mbali hajui kwamba anatazama sakafu ya mto.

Sasa rudi kwenye ile mistari, maana ndiyo inayotuleta kwenye jina.

Makabila zaidi ya 20 yana uhusiano na jabali hili, na masimulizi yake mengi yanamtaja dubu. Kwa Walakota ni Mato Tipila, Makao ya Dubu. Wacheyenne, Waarapaho na Wacrow nao, kila watu kwa lugha yao, wanalihusisha na dubu. Wakiowa wanasimulia wasichana saba waliokimbizwa na dubu wakaparamia jiwe dogo na kuliomba liwaokoe. Jiwe likakua likiwapandisha juu, dubu akawa analirukia na kulikwaruza kwa makucha pande zote, na mikwaruzo ndiyo ile mistari. Katika masimulizi yaliyoenea zaidi, wasichana wale hawakushuka tena. Wakawa nyota saba zilizokusanyika pamoja, zile ambazo wakulima wetu wameziita Kilimia kwa sababu ya kuzitazamia msimu wa kulima, na ambazo wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua.

Sisemi kwamba hadithi hii ni jiolojia. Ila jina lililotokana nayo limetokana na kuangalia. Limeona kile kile ambacho Jaggar na Závada walikiona kwanza, mistari wima iliyochanja jabali zima kutoka juu hadi chini, na likakipa maelezo. Newton, mtu wa mawe, alipokiri kwamba jina la dubu linafaa, nadhani alikuwa na mistari hiyo machoni. Jina la Shetani halielezi chochote kilichopo pale. Linaeleza hofu ya mtu aliyekuwa akipita.

Wengi wanashuku kwamba mkalimani wa msafara alikosea. Mimi kosa la sikio peke yake halinitoshi. Kwa Kilakota dubu ni mato. Kitu kitakatifu ni wakan, na kibaya ni sica. Mato na wakan sica ni mbali mbali kama chui na mchawi. Naona ni kosa la aina nyingine ambalo sisi tunalijua sana: mtu amesikia kwamba mahali fulani panaogopwa na kuheshimiwa, panafanyiwa ibada asizozielewa, na katika kamusi yake neno lililobaki ni shetani tu. Fikiria mgeni amefika Mzimuni pale Magomeni, Dar es Salaam, akaambiwa maana ya mzimu nusu nusu, kisha akaandika kwenye ramani yake "Mtaa wa Shetani". Mswahili yeyote anajua mzimu si shetani, na shetani si jini. Lakini ramani ikishachapwa haina pa kuulizia.

Na hii ilichapwa kweli. Tarehe 24 Septemba 1906 Rais Theodore Roosevelt alilitangaza jabali kuwa mnara wa taifa, yaani eneo la hifadhi la serikali, wa kwanza nchini Marekani, kwa sheria iliyopitishwa mwaka ule ule. Waraka wake uliliandika jina bila ile alama ya juu ambayo Kiingereza hutumia kuonyesha umiliki. Ukilisoma kwa sarufi kali, pale hapana Shetani mmoja mwenye mnara, kuna mashetani. Ndivyo linavyoandikwa rasmi hadi leo.

Ombi la kulirudisha jina la zamani si geni, lakini lililopata nguvu zaidi lilipelekwa mwaka 2014 na Arvol Looking Horse, mtunzaji wa kiko kitakatifu cha Walakota, Wadakota na Wanakota. Aliliomba jabali liitwe Bear Lodge. Hoja yake ni rahisi kueleweka: mahali pa ibada pa watu wangu mmepaita pa Shetani, maana yake mmesema tunamwabudu nani?

Ombi lilikwenda kwenye Bodi ya Majina ya Kijiografia ya Marekani, chombo kilichokuwapo tangu mwaka 1890. Huko likakutana na utaratibu ambao ningependa kila mfuatiliaji wa siasa aujue kwa uzuri wake wa kishetani, kama mtaniwia radhi. Bodi ina desturi ya kutoamua jina lolote ambalo kuna mswada unaolihusu bungeni. Mswada hauhitaji kupita. Hauhitaji hata kujadiliwa. Inatosha uwepo. Wajumbe wa Wyoming waliwasilisha mswada wa kulihifadhi jina la Devils Tower, na Bunge lilipokwisha muda wake na mswada kufa, wakauwasilisha upya kwenye Bunge lililofuata. Kwa karatasi moja isiyopigiwa kura, faili zima linakaa.

Hawakubuni wao. Mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, ambao wenyeji wa Alaska wanauita Denali, ulikuwa kwenye ramani kwa jina la Rais McKinley, mzaliwa wa Ohio. Jimbo la Alaska liliomba ubadilishwe mwaka 1975, na mbunge mmoja wa Ohio akaizuia Bodi kwa mbinu hii hii kwa miongo kadhaa. Mwaka 2015 waziri wa mambo ya ndani akachoka kungoja na kuubadilisha kwa amri. Januari 2025 Rais Trump akatia saini amri ya kurudisha McKinley.

Kisa cha Denali ndicho kinachonizuia kushangilia ninaposikia watu wakimsihi rais fulani alimalize suala la Mato Tipila kwa saini. Kinachofungwa kwa kalamu ya mtu mmoja hufunguliwa kwa kalamu ya mwingine. Njia ya Bodi ni ndefu na ya kuchosha, lakini matunda yake yanaonekana kwenye milima hiyo hiyo. Kilele kirefu kuliko vyote vya Black Hills kiliitwa Harney, jina la jenerali ambaye askari wake waliua Walakota, wanawake na watoto wakiwamo. Mwaka 2016 Bodi ilikibadilisha kikawa Black Elk, jina la mwonaji wa Kilakota. Palikuwa na kelele miezi michache. Watu bado wanakipanda, na wachuuzi wa fulana walibadilisha maandishi.

Wanaotetea jina la Devils Tower wana hoja moja yenye uzito, nayo ni mapato. Eneo lile lina watu wachache, watalii wanakuja kwa jina wanalolijua, na mwenye hoteli ya vyumba kumi hana fedha za kujitangaza upya. Siwezi kumcheka mtu kwa kuogopea mkate wake. Lakini Australia ililipa jabali lake maarufu majina mawili rasmi mwaka 1993, Ayers Rock na Uluru, na mwaka 2002 ikalitanguliza la Uluru. Mtalii hakupotea njia. Hata ingekuwa hatua ya kati, majina mawili kwenye kibao kimoja yangemwachia mgeni aulize kwa nini ni mawili, na swali hilo lingempa mwongoza wageni kazi nzuri ya robo saa.

Hoja yao nyingine, kwamba jina la dubu ni geni na litawachanganya watu, inavunjwa na ramani yao wenyewe. Safu ya milima iliyo jirani kabisa na jabali, ndani ya kaunti hiyo hiyo, inaitwa rasmi Bear Lodge Mountains, na hakuna mswada unaoikataa. Kuna kichekesho zaidi. Mwaka 1995 wasimamizi wa hifadhi walianza kuwaomba wapandaji wasilipande jabali mwezi Juni, mwezi wa ibada nyingi za wenyeji, ikiwamo ngoma ya jua. Ni ombi tu, si amri, na wapandaji wengi wamelikubali. Kuna waliokwenda mahakamani kulipinga, wakashindwa. Shirika lililofungua kesi hiyo liliitwa Bear Lodge Multiple Use Association. Hata wa upande ule, walipotafuta neno la kusema "sisi watu wa hapa", walilikuta kwa dubu.

Nimeandika haya yote juu ya Wyoming na najua swali linalokuja: na sisi je? Tuna la kujivunia. Kilele cha Kibo, ambacho Hans Meyer alikipa jina la mfalme wake wa Ujerumani mwaka 1889, kiliitwa Uhuru mwaka 1961 Tanganyika ilipojitawala, na sijawahi kukutana na mtalii anayelia kwa kumkosa Kaiser. Lakini kusini mwa ziwa Naivasha, kwenye mlango wa hifadhi ya Hell's Gate, kuna kijukuu cha lile jabali la Wyoming: nguzo ya lava iliyogandia njiani ikipanda, kama mita 25 tu, miamba laini ya pembeni imeondoka. Wamaasai wanasimulia ni msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akaonywa asigeuke nyuma, akageuka. Ramani inaiita Fischer's Tower, kwa ajili ya Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapo mwaka 1883. Na korongo lenye jina la Kimaasai, Ol Njorowa, limo ndani ya hifadhi iliyopewa jina la jehanamu.

Nilipokwenda huko nilimuuliza kijana aliyekuwa akinitembeza kama wazee wake wanaiita nguzo ile Fischer. Alicheka, akaegemeza baiskeli kwenye jiwe, akanisimulia habari za bibi harusi kwa mapana na marefu, akinionyesha mabega yake, shingo yake, na upande alikogeukia. Alipoona nimetoa daftari akanishika mkono.

"Ila mzee, kwenye karatasi andika Fischer. Ukiandika hayo mengine, pale getini hawatajua ulikuwa wapi."